Paka na Mimea ya Sikukuu

Wahariri wa gazeti letu wameniomba muhula huu niandike somo la elimu ya viumbe litakalofaa nyumbani kama linavyofaa darasani. Nimechagua habari za paka na mimea tunayoiingiza majumbani wakati wa sikukuu. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mwalimu amekosa la kuandika!" Nawaomba wasome hadi mwisho, kwa maana mimea nitakayoitaja huweza kumdhuru mtoto anayetambaa kama inavyomdhuru paka.

Hapa Mafia nyumba nyingi hazifugi mbwa, lakini paka yupo, na kama hakufugwa basi amejichagulia nyumba mwenyewe. Kazi yake tunaijua. Panya hula mpunga na unga, huchafua chakula kwa mkojo wake, hueneza maradhi, na hupanda mnazi akatoboa nazi changa kabla mwenye shamba hajaziona. Mlinzi wa ghala asiyedai mshahara ni paka. Tena Waislamu tumefundishwa tangu chuoni habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka hata akafa kwa njaa, na kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka. Basi anayemfuga paka ana wajibu juu yake.

Sikukuu zetu ni nyingi: Idi mbili, Maulidi, Krismasi, Pasaka, Mwaka Mpya, pamoja na harusi na mahafali ya shule. Siku hizo huletwa matawi na maua, mapishi huwa makubwa, na mabaki hutupwa uani. Hapo ndipo paka hupata ajali.

KWA NINI MMEA UWE NA SUMU?

Mnyama akishambuliwa hukimbia au huuma. Mmea hauna miguu wala meno, kwa hiyo mingi hujikinga kwa dawa kali iliyomo majanini, mizizini, kwenye mbegu au katika utomvu. Mifano tunayo jikoni. Muhogo mchungu ukipondwa hutoa hewa ya sianidi, ambayo ni sumu kali. Ndiyo maana mama zetu huuloweka na kuuanika, na kisamvu hutwangwa kikachemshwa sana, sumu ikaondoka na mvuke. Jani la gimbi likiliwa bichi huwasha koo, kwa sababu ndani yake mna chembe kali mfano wa sindano, ndogo zisizoonekana kwa macho, zinazochoma ulimi. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa wajinga wa sumu za mimea. Walijua ipi huondoka kwa moto, ipi huondoka kwa maji, na ipi haiondoki kabisa.

Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyekufa mwaka 1541, alifundisha kwamba kila kitu ni sumu kikizidi kipimo. Hili ni jambo la kukumbuka, maana mtu mzima ana kilo 60 na paka ana kilo 3 au 4. Kiasi kisichokutia hata kichefuchefu chaweza kumwangusha paka.

KWA NINI PAKA HUDHURIKA KULIKO MBUZI?

Mbuzi hula majani ya kila namna, naye paka akila jani moja huugua. Sababu ni nne.

Ya kwanza ni ini. Paka ni mla nyama halisi. Wahenga wake walikula panya na ndege kwa maelfu ya miaka, wala hawakuhitaji ini la kupambana na sumu za majani. Wataalamu wa siku hizi wamegundua kwamba chembe moja ya urithi, ambayo kwetu huliwezesha ini kusafisha aina fulani za sumu, kwa paka imeharibika na haifanyi kazi. Ndiyo maana kidonge kimoja cha panado, ambacho kwetu hutuliza kichwa, chaweza kumwua paka. Tafadhali msimpe paka dawa ya binadamu hata mkimwonea huruma.

Ya pili ni damu. Chembe nyekundu za paka huharibika upesi zikikutana na dawa za namna fulani, kama tutakavyoona tukifika kwenye kitunguu.

Ya tatu ni ulimi. Paka hujisafisha kwa kujilamba kutwa nzima. Akipita chini ya ua lenye chavua, ile chavua hukaa manyoyani, naye huilamba baadaye. Kwa hiyo yaweza kutokea kwamba paka hakutafuna mmea wowote, na sumu imekwisha kuingia tumboni.

Ya nne ni udadisi. Kitu kigeni kikiingia ndani hapana budi akinuse, akiguse, akione ladha yake. Tawi lililokuwepo uani mwaka mzima hakulijali, lakini likitiwa katika chupa juu ya meza siku ya sikukuu, huligeuza mchezo.

UA JEKUNDU LILILOSINGIZIWA

Nianze na mmea unaosemwa sana na kudhuru kidogo. Uko mti mdogo uitwao poinsetia, wenye majani mekundu ya juu ambayo wengi huyadhani maua. Ua lenyewe ni vile vijitu vidogo vya manjano vilivyo katikati. Asili yake ni Meksiko, na jina lake limetokana na Joel Poinsett, mjumbe wa Marekani nchini humo, aliyeupeleka kwao mwaka 1828. Picha zake huchapwa kwenye kadi za Krismasi duniani kote.

Mwaka 1919 ulizuka uvumi huko Hawaii kwamba mtoto wa miaka miwili amekufa kwa kula jani lake. Uvumi huo haukuthibitishwa kamwe, lakini uliingia vitabuni na ukakaa humo miaka mingi. Mwaka 1971 wataalamu waliwalisha panya mmea huu kwa wingi, nao hawakufa. Tena mwaka 1996 ilitangazwa hesabu ya watu 22,793 nchini Marekani walioripotiwa kuugusa au kuula. Hakufa hata mmoja, na wengi wao hawakudhurika kabisa. Utomvu wake mweupe huwasha mdomo, humfanya paka atokwe na udenda au atapike, kisha hupona.

Nimelieleza hili kwa kirefu ili mwanafunzi ajifunze jambo moja: uvumi haupimi sumu. Anayeliogopa poinsetia hulitupa nje, akaona amemaliza kazi, kumbe hatari yenyewe imo katika chombo kingine.

MIMEA YA KUOGOPWA KWELI

Oleanda. Huu ni mti wa maua ya waridi au meupe, wenye majani marefu membamba na magumu. Hupandwa sana pwani kando ya njia na mbele ya majengo, kwa sababu huvumilia jua kali na upepo wa chumvi. Sehemu zake zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na kukauka hakuiondoi. Hata maji ya chombo uliomokaa si salama. Ndugu yake, oleanda ya maua ya njano yenye umbo la kengele, ana sumu ya namna hiyohiyo. Ukitaka kujua nguvu yake, fahamu kwamba ni wa ukoo mmoja na ule mti ambao wawindaji wa pwani ya Kenya waliuchemsha wapate sumu ya mishale ya kuulia tembo. Ua jingine la ukoo huu ni waridi la jangwani, lenye shina lililonenepa kama chupa, ambalo siku hizi hupendwa sana katika vyungu.

Lili. Ni ua kubwa lenye umbo la tarumbeta, jeupe, la waridi au la rangi ya machungwa, lenye chavua nyingi ya hudhurungi. Huuzwa katika maduka ya maua mijini kwa ajili ya Pasaka, harusi na mazishi, na mgeni atokaye Dar es Salaam aweza kulileta kama zawadi. Kwa paka hakuna ua baya kuliko hili. Jani moja, au chavua aliyoilamba manyoyani, au maji ya chombo, huweza kuziua figo zake katika muda wa siku moja hadi tatu. Jambo hili halikujulikana na madaktari wa wanyama hadi miaka ya 1990, ndiyo maana vitabu vya zamani havilitaji. La ajabu ni kwamba mbwa akila ua hilohilo huumwa tumbo tu. Angalieni msichanganye majina: yungiyungi liotalo majini ni la ukoo mwingine kabisa, wala halina sumu hiyo ya figo.

Ua la moto. Hili huota lenyewe vichakani pwani kwetu. Hupanda juu ya mimea mingine kwa kujishika kwa ncha za majani zilizojikunja, na maua yake mekundu yenye kingo za njano hukunjuka kuelekea juu mfano wa ndimi za moto. Watoto hupenda kulichuma kwa uzuri wake. Sumu yake huitwa kolchisini, na nyingi yake imo mizizini, ambayo hufanana na kiazi. Humdhuru paka na humdhuru mtu. Lisichumwe, na mizizi yake isichezewe.

Mtapo. Makuti yake ya kijani iliyoiva hupendeza yakipambia mlango au jukwaa. Wazee walikula mbegu zake wakati wa njaa, lakini baada ya kuzikausha na kuziloweka siku nyingi wakibadili maji, kwa sababu bila hivyo huua. Sumu ya mtapo huharibu ini. Makuti yakitumika, yafungwe juu yasikofikiwa, na mbegu zisiingizwe ndani kamwe.

Difenbakia na jamaa zake. Hii ni mimea ya vyungu yenye majani mapana ya madoa meupe, ipendwayo sebuleni na maofisini. Ina chembe zilezile za sindano nilizozitaja katika gimbi. Paka akiitafuna mdomo huvimba na hushindwa kula. Kwa kawaida haimwui, lakini humtesa.

Mnyaa na mimea mingine ya utomvu mweupe. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, la paka au la mtu, huchoma vikali na huweza kupofusha kwa muda. Anayekata ua wa mnyaa kabla ya sikukuu na auzoe mara moja.

KITUNGUU: ADUI ALIYEMO PILAUNI

Sasa nafika kwenye mmea ambao hakuna anayeuita pambo, nao kila mtu huununua siku ya sikukuu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Wataalamu wameona kwamba gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo moja ya uzito wa paka zatosha kuleta madhara. Tufanye hesabu. Paka wa kilo 3 atadhuriwa na gramu 15, ambazo ni kama sehemu moja ya nane ya kitunguu cha kadiri. Tena kupika hakuondoi sumu hii. Mnofu uliokolea mchuzi wa vitunguu, ukoko wa pilau, na rojo iliyobaki sahanini, vyote vinayo.

Ubaya wake ni kwamba ugonjwa hauonekani siku ileile. Idi hupita, wageni huondoka, na baada ya siku chache paka hulegea, ufizi wake hupauka, mkojo wake huwa mweusi kama chai ya rangi. Mwenye nyumba husema amerogwa au ameumwa na nyoka, wala hakumbuki sahani ya pilau. Ukitaka kumkaribisha paka karamuni, mwekee kando kichwa cha samaki au kipande cha nyama kabla hujakitia viungo. Hiyo ndiyo Idi yake.

MIMEA ISIYO NA HATIA

Msije mkadhani nataka nyumba zibaki tupu. Mvinje wa ufukweni hufaa sana kuwa mti wa Krismasi, wala matawi yake hayana sumu. Makuti ya mnazi yaliyosukwa, ambayo ndiyo pambo la asili la malango yetu, hayadhuru. Majani ya mgomba hayadhuru. Waridi, asumini na rehani, ambavyo akina mama huvifunga katika vikuba, havimdhuru paka akivinusa au akivitafuna kidogo. Nami hufurahi kila nikilifikiri jambo hili, kwamba pambo walilotuachia bibi zetu ni salama, na yaliyo hatari mengi ni ya chunguni na dukani. Lakini mafuta ya manukato ni kitu kingine: humo nguvu ya maua mengi imekusanywa katika tone moja, na ini la paka haliyawezi. Asipakwe, hata kwa kuondoa viroboto.

DALILI NA MSAADA WA KWANZA

Dalili za kuangalia ni hizi: kutokwa na udenda, kutapika, kuharisha, kukataa chakula, kujificha pembeni, kuyumba, kupumua kwa shida, ufizi kupauka au kuwa wa njano au hudhurungi, kukojoa sana kisha kutokojoa kabisa. Mapigo ya moyo pia huonyesha. Weka vidole kifuani nyuma ya kiwiko cha mkono wa kushoto, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Paka mzima huwa na mapigo kama 140 hadi 220 kwa dakika. Yakiwa machache sana au yakirukaruka, hasa penye oleanda, jambo ni zito.

Ukimwona paka anatafuna mmea wa hatari, fanya hivi:

1. Mwondoe hapo, umtoe mabaki mdomoni kwa upole, umfunge kitambaa asikukwaruze.

2. Kama ana chavua au utomvu manyoyani, mwoshe kwa maji na sabuni laini kabla hajajilamba.

3. Chukua tawi la mmea huo, uandike saa aliyoula na kiasi unachokisia.

4. Mpeleke au umwarifu afisa mifugo mara moja. Usingoje dalili. Kwa lili, matibabu yakianza kabla ya saa 18 kupita paka aweza kuokoka. Mkojo ukishakoma, tumaini ni dogo.

Na haya usiyafanye. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwa kuwa chumvi yenyewe humwua. Usimlazimishe maziwa, dafu wala mafuta. Haviiondoi sumu, na vikipita njia ya hewa huingia mapafuni. Usimpe mkaa wa jikoni, kwani mkaa wa hospitali hutengenezwa kwa namna ya pekee, na huu wetu hauwezi kazi hiyo. Usitie vidole kooni mwake.

Wasomaji wataona kwamba sikutaja dawa ya kuondoa sumu hizi. Kwa nyingi haiko. Tiba ni kumwongezea paka maji kwa sindano na kumtunza usiku na mchana hadi mwili wake uishinde sumu. Sisi tuko kisiwani. Kati yetu na hospitali kubwa za wanyama ipo bahari, na chombo cha kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati hakiondoki kwa ajili ya paka. Mtu wa mjini akikosea leo, jioni hii aweza kuwa kwa daktari. Kwetu, kinga ndiyo dawa karibu yote.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wanafunzi: siku mbili kabla ya sikukuu, zungukeni nyumba na kuitambua mimea iliyopo. Msikate oleanda kwa mapambo ya shule wala ya nyumbani. Mkipunguza matawi yake, myafukie au myapeleke mbali, wala msiyachome karibu na watu, maana moshi wake pia ni mbaya.

Wazazi: sahani zenye mabaki ya mchuzi zifunikwe, na maganda ya vitunguu yatiwe shimoni. Maji ya vyombo vya maua yamwagwe mahali pasipofikiwa. Mkiletewa maua msiyoyajua, ulizeni jina kabla ya kuyaingiza ndani.

Walimu: somo hili lataka macho kuliko ubao. Wapelekeni wanafunzi nje wakauone utomvu na umbo la jani, kila mmoja akiwa na daftari na asiyeonja kitu.

Tukiyafanya haya, mlinzi wa ghala atabaki kazini, na mtoto anayetambaa atakuwa salama pamoja naye.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza kwa nini mbuzi aweza kula majani ambayo humdhuru paka.

2. Paka ana kilo 4. Kwa kipimo tulichokitaja, ni gramu ngapi za kitunguu zitakazoanza kumdhuru?

3. Muhogo mchungu na kitunguu vyote hupikwa. Kwa nini kupika hufaa kwa kimoja, na hakufai kwa kingine kwa paka?

4. Umehesabu mapigo 27 ya moyo wa paka kwa sekunde 15. Je, ni mapigo mangapi kwa dakika, na je, ni ya kawaida?

5. Chora ramani ya ua wa nyumba yenu, uonyeshe kila mmea uujuao. Tia alama nyekundu penye mmea wa hatari, kisha umweleze mkubwa wa nyumba ulichokiona.